Chupa ya Saba

Itigi,
6 Februari 1957

Kwa dada yangu mpenzi Dorika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Philipo, pamoja na mama mkwe wako, bibi Damari. Mpe shikamoo yangu, na mwambie sijasahau mlenda wake. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha mvua. Huku vichaka vimefunga mpaka njia ya kwenda kwenye mizinga haionekani.

Nimefurahi kusikia kwamba ujauzito unakwenda vizuri. Nimehesabu miezi, nimeona ni Juni. Nimehesabu pia kwamba Mei utatimia mwaka tangu Elina atutoke. Bado nina ile soksi moja uliyoisahau kwangu mlipokuja kunionyesha mtoto. Imo ndani ya Biblia yangu, ndogo kama kidole gumba.

Habari za kazi ni hizi. Chumba chetu cha kupima maji ya visima sasa kinataka kuitwa maabara. Wakubwa wa Dar es Salaam wamesema kuanzia mwaka huu hakuna karatasi ya maji itakayokubaliwa mpaka chumba kilichoitoa kiwe kimeidhinishwa. Si jambo la kupaka chokaa ukutani. Kila kipimo lazima kiandikwe hatua kwa hatua, na mizani yetu ipimwe kwa mawe yenye mhuri. Kila maji yapimwe na watu wawili, wa pili asione jibu la wa kwanza. Ukikosea huruhusiwi kufuta: unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, kisha unaweka jina lako na tarehe. Halafu wataleta chupa za mtihani zisizo na jina la mahali, namba tu, na baadaye mkaguzi atakuja mwenyewe. Mwenzangu Antipasi anasema hata kuingia mbinguni hakuna maswali mengi hivi.

Kuna kipimo kimoja kinachonisumbua. Kila siku tunapima pia chupa tupu, yaani maji ya mvuke ambayo hayana kitu, ili tujue vyombo vyetu havisemi uongo. Ya Antipasi hutoka meupe. Ya kwangu hutoka na njano kidogo. Nimeosha vyombo mara kumi. Antipasi ananicheka: "Labda unayalilia ndugu yangu, machozi yanaingia."

Je, bado mnachota kwenye ile pampu mpya? Nauliza tu.

Nduguyo,
Kefa


Kintinku,
19 Februari 1957

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Philipo yuko shambani, uwele umeshika vizuri upande wa reli, upande wa mbuga maji yamesimama. Ng'ombe wa jirani walivunja ua tena. Mimi miguu imevimba kidogo lakini nalala.

Mama mkwe nimempa shikamoo yako. Akasema, "Huyo bado ananisalimia?" Wewe hujui hali ilivyo. Tangu Elina, watu hawachukui moto kwake. Zamani jiko likizimika, wanawake wa upande huu wote walikwenda kuchukua kaa la moto kwa mama Damari. Sasa wanapita mlangoni pake wakiwa na vigae vyao mkononi mpaka nyumba ya tano. Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha, na mtoto alibadilika rangi mikononi mwake. Wanasema aliweka kitu katika maji ya kuogea.

Mimi sijasema hivyo hata siku moja. Lakini sijawaambia pia kwamba si kweli, maana sijui.

Unakumbuka kucha zake? Hukuziona, ulifika siku ya mazishi. Zilikuwa na rangi ya wino huu ninaouandikia. Midomo pia. Hakuwa na homa. Alikuwa anafunga mdomo nikimpa kikombe, anatoa sauti "mm-mm," kama mtu mzima aliyeshiba. Titi langu lilikuwa na jipu, kwa hiyo ilikuwa maziwa ya unga na maji. Bibi wa kliniki alisema nichemshe. Nilichemsha kweli Kefa. Nilichemsha mpaka maji yalibaki nusu ya sufuria, nikasema sasa ni safi kabisa.

Pampu ndiyo tunayochota, kwani iko nyingine? Watu wanakuombea kwa ajili yake. Ila kuna jambo nitakuambia usinicheke. Saa saba mchana, jua likiwa juu na watu wote wakiwa ndani, ule mkono wa chuma unalia. Nilichungulia. Hapakuwa na mtu. Mkono ulishuka taratibu, ukapanda. Maji hayakutoka. Na sauti yake ni "mm-mm."

Kwa nini umeuliza?

Dada yako,
Dorika


Itigi,
15 Machi 1957

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua nyingine nilikuandikia tarehe mosi, lakini iko kwenye saraka, sikuituma. Hatujambo hapa. Mughwai, dereva wetu, amepata mtoto wa kiume na ametuletea asali nusu debe. Nitakuwekea chupa moja.

Chupa za mtihani zimefika. Sanduku lilikuja kwa treni ya tarehe sita, limepigwa misumari na kutiwa lakiri. Kwa sheria ya sasa lazima watu wawili walifungue, kwa hiyo tulikuwa mimi na Antipasi. Tulihesabu chupa saba, tukaandika saba kitabuni, tukaweka majina yetu. Moja hadi sita zilifanana kama maaskari. Ya saba ilikuwa fupi kidogo, na mdomo wake umebanduka kipande chembamba kama ukucha. Antipasi akasema, "Hata Dar es Salaam chupa zimewaishia." Tukacheka.

Nikueleze tunavyopima chumvi iitwayo nitrati, ili uelewe kazi yangu. Haina harufu wala ladha. Tunakausha maji kwenye kibakuli juu ya moto mpaka chumvi ibaki peke yake, tunatia dawa, na rangi ya njano inatokea. Njano ikikolea, nitrati ni nyingi. Tunalinganisha kwa macho na mirija yenye rangi zinazojulikana, mbele ya dirisha.

Ya saba ilikolea. Nilisimama nayo dirishani, nikashindwa kuiweka chini. Nilisikia kama mtu anapumua kwenye mdomo wa chupa, mpaka nikagundua ni mimi. Antipasi alipopima ya kwake, bila kuona yangu, tulipata namba ile ile: hamsini na moja. Yanayofaa hayapiti kumi.

Dada, kwa sasa naomba uchote maji ya kunywa kwenye tangi la stesheni. Usiniulize sababu. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Nduguyo,
Kefa


Kintinku,
30 Machi 1957

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumepokea barua yako na habari za mtoto wa Mughwai, mpe hongera. Sisi wazima. Kuku wote wamekufa kwa kideri, amebaki jogoo mmoja ambaye hana wa kumringia.

Nilikwenda stesheni na ndoo yangu kama ulivyosema. Mwenye stesheni akaniuliza, "Wewe mama, ni injini? Maji haya ni ya injini." Watu wakacheka sana. Nikarudi. Philipo amesema kama shemeji yake ana neno aliseme, kwa sababu pampu iko mlangoni na mimi nina mimba ya miezi sita, siwezi kubeba ndoo kutoka stesheni kwa ajili ya neno lisilosemwa. Kwa hiyo nakunywa ya pampu. Nieleze.

Kuna kitu nimekitafuta mwezi mzima. Ile chupa ya dawa niliyokuwa nikiwekea maji ya Elina. Tangu afe ilikaa juu ya boriti, imefungwa kitambaa, sikuwa nimeyamwaga maji aliyoyabakiza. Unaikumbuka? Fupi, mdomo wake ulibanduka kidogo, nilikuwa namgeuzia upande mzima ili asijikate. Kitambaa kipo juu ya boriti na fundo lake halijafunguliwa. Chupa haipo. Mama mkwe hajaichukua, hawezi kufika kule juu. Philipo ananitazama kama mgonjwa nikiitaja.

Jambo jingine. Ile treni ya tarehe sita Machi ilisimama hapa saa saba mchana, hakuna aliyeshuka wala aliyepanda. Ilikaa muda wa kupika ugali. Fundi aliteremka, akatazama magurudumu, akapanda. Wakati huo pampu ilikuwa kimya. Nilitoka kusikiliza kwa sababu ilikuwa kimya.

Sasa jambo kubwa. Wazee wamesema mama Damari asiwepo hapa nitakapojifungua. Watakaa baraza Jumamosi baada ya Pasaka. Wanataka arudishwe kwao ng'ambo ya mbuga, na kwao hakuna aliyebaki hai. Hapiki tena. Anakaa mlangoni akiwa na moto wake ambao hakuna anayeuomba. Jana aliniuliza, "Mwanangu Dorika, na wewe waona ni mimi?" Nikamjibu kwamba kichwa kinaniuma, nikaenda kulala.

Kama unajua lolote, sema.

Dorika


Itigi,
16 Aprili 1957

Dada yangu Dorika,

Shikamoo. Nawasalimu wote, na bibi Damari zaidi ya wote. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaitoa chupa ya saba, nikautazama mdomo wake uliobanduka. Antipasi akanitilia maji.

Majibu yametoka Dar es Salaam. Wameandika kwamba chupa zote sita tumezipima sawa. Sita. Tukawaandikia kuuliza ya saba. Wakajibu kwamba walipakia sita, na orodha yao tumeiona. Ya saba hawaijui, tusiihesabu. Iko hapa mbele yangu. Kibandiko chake kina namba saba, ya mashine kama zile nyingine.

Sasa nitasema.

Desemba ya 1955 nilipima mimi mwenyewe maji ya pampu yenu. Maji ya Kintinku yana chumvi ya kawaida, hata ulimi unajua. Chumvi hiyo ikibaki, inaificha nitrati, na njano inatoka hafifu. Kwa hiyo kuna dawa ya kuitoa kwanza. Dawa ile ilikuwa imekwisha, na mpya ingefika Januari. Nilijua mmekuwa mkichimba maji mchangani mkigombea na ng'ombe. Nilitaka niwaletee karatasi wakati wa Krismasi, kwa mkono wangu. Nikapima bila ile dawa. Nikapata nane. Nikaandika nane, kwamba yanafaa. Hakuna mtu wa pili aliyepima. Hatukuwa na sheria hiyo.

Wewe ulikuwepo niliposhuka stesheni. Mlinipokea kwa ngoma. Nilikunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote.

Jumatatu nimepima chupa ya saba mara ya tatu, bila ile dawa, kama nilivyofanya zamani. Nimepata nane.

Mtu mzima akinywa maji haya hasikii kitu. Lakini mtoto mchanga asiyenyonya, anayepewa maji haya katika maziwa, damu yake inashindwa kubeba pumzi, naye anakuwa na rangi ile uliyoiona. Nimesoma hivyo katika kijitabu cha daktari mmoja. Nilikisoma Agosti mwaka jana. Tangu Agosti nimejua, sikusema.

Nitrati inatoka kwenye samadi. Kisima cha pampu kilichimbwa chini ya zizi la zamani, pale palipokuwa na majani mabichi, na sote tulisema mahali pazuri.

Katika masharti ya kuidhinishwa lipo la tisa: mkigundua kwamba namba mliyoitoa zamani ilikuwa na kosa, mtawaandikia wote waliopewa namba ile, hata kama hawajauliza. Nimefungua kitabu cha 1955, nimepiga mstari mmoja juu ya nane, nimeandika jina langu. Antipasi aliniambia, "Kefa, mkaguzi anakuja mwanzoni mwa Mei, huwezi kungoja apite?" Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma, akaweka na yeye jina lake.

Ndani ya bahasha iko karatasi ya pili yenye majina yetu wawili. Isome barazani. Bibi Damari hakuweka kitu katika maji. Maji yalikuwa hivyo kabla hajayagusa, nami ndiye niliyesema ni mazuri.

Kefa


Kintinku,
29 Aprili 1957

Kefa,

Barua ilifika Ijumaa. Niliisoma peke yangu kwanza, halafu kwa Philipo, halafu barazani Jumamosi.

Mzee mmoja akasema, "Karatasi ya kwanza nayo ilisomwa hapa hapa, na ilisema maji ni mazuri. Mwandishi ni yule yule. Tuamini ipi?" Nikasema ile ya kwanza ilikuwa na jina moja, hii ina mawili, na wa pili alipima bila kuona jibu la wa kwanza. Mwingine akasema, "Hata wachawi hutembea wawili wawili." Wengine wakacheka. Ndipo mama mkwe akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima mmejinyima moto wangu kwa sababu ya maji?" Wazee wakafunga baraza, na habari ya kumrudisha kwao haikutajwa tena.

Philipo alichukua spana akaenda kuufungua mkono wa pampu. Uko chini ya kitanda chetu. Tumeanza tena kuchimba mchangani.

Jana alfajiri mwanamke wa nyumba ya tano alikuja na kigae kuomba kaa kwa mama Damari. Alimpa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini nimepika maisha yangu yote. Uliandika Machi kwamba mnakausha maji kwenye moto mpaka chumvi ibaki peke yake. Mimi nilichemsha mpaka nusu ya sufuria, ili yawe safi, kumbe maji yalipungua na chumvi ikabaki yote. Katika barua zako zote hilo hukuliandika. Nimeliona mwenyewe nikiwa nakoroga ugali, nikaacha mwiko.

Usije kwa sasa.

Saa saba bado panalia. Mkono hauko.

Dorika


Itigi,
2 Juni 1957

Kwa dada yangu Dorika,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia. Nawasalimu wote. Mimi mzima.

Ndiyo, nilijua kuhusu kuchemsha. Niliandika sentensi hiyo mara tatu nikaipigia mstari mara tatu. Karatasi zile ninazo.

Mkaguzi alikuja, mtu mrefu mpole, akakaa siku mbili. Alichagua namba moja kitabuni bila kutuambia, akatutaka tuifuate kinyumenyume mpaka kwenye chupa, mizani, siku na mkono ulioandika. Kisha akafungua kitabu cha 1955 akakuta mstari wangu. Akauliza, "Hawa watu wamearifiwa?" Nikamwonyesha nakala ya barua. Akaisoma polepole, Kiswahili chake ni kizuri.

Chumba kimeidhinishwa. Cheti kinataja vipimo tunavyoaminiwa kimoja kimoja, na nitrati haimo mpaka mwaka ujao, baada ya mtihani mwingine. Mimi sipimi tena. Naosha chupa, na nimekubali. Wachimbaji watakuja kwenu Agosti kutafuta mahali pengine, upande wa juu, mbali na mazizi.

Kabla hajaondoka alinitaka nipime chupa tupu mbele yake. Dada, ilitoka nyeupe kabisa, kama hakuna kitu wala mtu. Antipasi alinipiga begani kwa furaha. Mimi nikaona nimeachwa na Elina, nikatoka nje.

Chupa ya saba mkaguzi hakuitaka, alisema si yao. Nimemwaga yaliyobaki, nimeiosha, nimeikausha jikoni, nimeiziba kwa nta. Naituma kwa mkono wa Mughwai, pamoja na ile soksi.

Kefa


Kintinku,
11 Julai 1957

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Tuko wazima, Philipo anakusalimu. Mavuno yamekuwa ya kutosha, na tumepata kuku watatu, jogoo amerudi kuringa. Mama mkwe anakuitikia salamu, anasema mbukwa, na kwamba mlenda upo.

Nimejifungua tarehe 18 Juni, mtoto wa kike. Anaitwa Anastasia. Mama Damari ndiye aliyemwogesha, mlango ukiwa wazi, wanawake wakitazama. Kila asubuhi natazama kucha zake kabla sijatazama uso. Ni nyekundu kama punje ya komamanga. Ananyonya, titi halijauma safari hii.

Mughwai alileta vitu. Soksi nimeivalisha mguu mmoja, mguu wa pili umebaki wazi, nimeona ni vizuri hivyo. Chupa ni ile. Nimepitisha kidole mdomoni pake.

Ulisema umeikausha, nakuamini. Lakini nta nilipoibandua, ndani kulikuwa na maji, kiasi cha kujaza kifuniko. Sikuyaonja. Nilimpa mama mkwe mtoto, nikaenda nayo mpaka alipolala Elina, ikiwa saa saba, nikayamwaga. Niliporudi nilipita kwenye pampu nikasimama muda mrefu. Palikuwa kimya. Tangu siku hiyo ni kimya. Nami nimekuwa nikitoka mchana kusikiliza, kama wewe na ile chupa yako tupu iliyotoka nyeupe.

Sijamaliza kukukasirikia. Nakuambia ili usije ukadhani. Lakini Agosti wachimbaji wakija, njoo nao. Mtoto umwone.

Ukiwa unaosha chupa zako, ukifika ya saba, simama kidogo, utukumbuke.

Dada yako,
Dorika